Wikio wa Bi Barka

"…la kwanza, Nyanya! La kwanza juu kabisa, kabla ya wanaume wote! Wallahi nimelisoma mara tatu, Bi Wangu naye kalisoma, na yule wa duka la simu kalisoma, na sote twaona lile lile!"

Israa alikuwa na kiatu kimoja. Cha pili kilimtoka kwenye ngazi na hakuwa na muda wa kurudi kukichukua. Alisimama mlangoni pa chumba cha ndani, buibui limemwagika begani, anahema kama aliyekimbizwa na punda.

Bi Mwana alikuwa ameketi kitandani anavuta tasbihi. Macho yake yamezima, mwaka wa sita sasa, kwa hivyo habari zote za mji wa Amu huletewa pale pale, na mwenye kuzileta ni huyu mjukuu. Alimngoja apumue.

"Jina la nani hilo?"

"La shangazi! La nani tena? Orodha ya wanaotaka tiketi ya chama, tiketi ya wadi. Imebandikwa mlangoni pa ofisi na muhuri juu yake. Wako watatu. Barka, Jeilani, Nabhan."

"Na kwa nini yeye awe wa kwanza?"

Israa akafikiri. "Wamepanga kwa herufi," akakubali, sauti imeshuka kidogo.

"Haidhuru. Wa kwanza ni wa kwanza. Na wikio?"

"Shubiri tatu tangu jana."

"Za mkono wako au wangu?"

"Wako, Nyanya. Nimepimia fimbo uliyonikatia."

Bi Mwana akatikisa kichwa kwa kuridhika, akarudi kwenye tasbihi yake.

Wikio ni kile chumba chembamba kinachovuka juu ya njia, kutoka ghorofa ya nyumba hii hadi ghorofa ya nyumba ya pili. Watu wa zamani waliyajenga mawikio ili mabibi watembeleane bila ya kuteremka chini waliko wanaume. Mengi yameshavunjika. Huu wa Bi Barka haukujengwa na mtu. Uliota.

Uliota Alhamisi moja ya Mfungo Mosi, mwezi wa harusi. Bi Barka alikuwa muuguzi wa wodi ya wazazi miaka ishirini na saba, na tangu alipostaafu, kila kwenye harusi yeye ndiye anayetumwa kwenda kualika, maana Amu kadi ya harusi si mwaliko. Mwaliko ni mtu aje mlangoni kwako, akutaje jina, aulize hali ya mtoto wako mwenye kifua, ndipo akwambie fulani anaoa. Bi Barka alizijua nyumba zote, na mlango upi husikia hodi na upi hugongwa. Siku hiyo alikuwa anaalika harusi ya binti wa Bi Aliya. Alipofika kwa rafiki yake aitwaye Wangu akaalika, akanywa maji, kisha badala ya kuinuka akabaki ameketi.

"Na jambo jengine," akasema. "Nataka kugombea."

"Kugombea nini?"

"Wadi. Nataka chama kinipe tiketi niingie bunge la kaunti."

Wangu alikuwa juu ya mbuzi anakuna nazi. Hakuacha kukuna. "Mimi nawe," akasema.

Bi Barka aliporudi nyumbani alikuta ukutani, chini ya dirisha la ghorofani, jiwe limechomoza nje shubiri moja, kama jino la mtoto. Lilikuwa limeshapakwa chokaa, na chini yake boriti imetokeza kulishikilia. Akalijaribu kwa kiganja, akaliona zima, akaanika mtandio wake juu yake.

Jumamosi yake wikio ulikuwa na shubiri saba. Israa ndiye aliyegundua hesabu yake. Alikuwa na diploma ya upimaji kutoka chuo kimoja cha Mombasa na hakuwa bado amepata kazi, basi akawa anapima chochote kilichokuwepo. Aliandika kwenye daftari: wanawake saba wamesema "mimi nawe", shubiri saba. Wa nane akasema, ya nane ikatoka. Bi mmoja wa mtaa wa juu alisema "nitaangalia", na hiyo haikutoa hata kokoto.

Paka ndio waliokuwa wa kwanza kuutumia. Kisha mzee Hamid wa kahawa akahamisha birika lake na mabao yake mawili ya kukalia akayaweka chini ya wikio, kwa sababu njia ile ina jua kali mchana na sasa imepata kivuli. Wanaume wake wakamfuata, kama wanavyomfuata siku zote. Wikio ulipovuka njia ukaegemea bega la nyumba ya Bi Aliya. Bi Aliya akapeleka mkeka na mto, akisema kitu kikija kwako chenyewe hukiachi kwenye mawe matupu. Afisa wa majengo alikuja na kanda yake ya kupimia. Akasifu chokaa, akasema boriti zina unene unaotakiwa na madirisha yamekaa sawa na ya mji mkongwe. Akaacha barua kwamba wikio usiongezeke hata kidogo mpaka mwenyewe apate kibali. Bi Barka akaisoma barua kwa sauti dirishani, ili usije ukasema haukuambiwa. Siku ile ukaongezeka shubiri tano.

Ulikuwa unaelekea ofisi ya chama. Hilo kila mtu aliliona na hakuna aliyelisemea, kama usivyomsemea mgeni anayekwenda kwa jirani.

Sasa hiyo ofisi ya chama iko ghorofani, nyumba ya tatu kutoka hapo, na ngazi yake inaanzia barazani. Bi Barka amekitumikia chama miaka ishirini. Kila penye mkutano yeye ndiye anayewaita wanawake, anawatia leso za rangi moja, anawaimbisha mpaka sauti zinakauka. Wajumbe wakikaa juu, yeye huwapelekea chai. Sinia hulifikisha hadi kidato cha tatu cha ngazi, na hapo Shuaib, katibu, hulipokea. Hakuna sheria iliyoandikwa. Ni kwamba baraza ni ya wanaume, na mwanamke wa heshima zake hapiti katikati ya magoti ya wanaume walioketi. Na tiketi zote za chama, tangu chama kiwe chama, zilitoka juu ya kidato cha tatu.

"Kwani wewe waitakia nini tiketi?" Israa alimuuliza shangazi yake siku moja, wamekaa kwenye wikio wanachambua mchele, miguu yao iko juu ya vichwa vya wanaume wanaokunywa kahawa.

Bi Barka alichagua chuya moja, akaitupa.

"Kulikuwa na binti wa watu kutoka Siyu, ng'ambo ya maji," akasema. "Uchungu umemshika, na maji yamekupwa. Mashua haisogei. Wakambeba mgongoni kwenye matope, wanaume wanne wakipokezana, mpaka penye maji. Alinifikia yeye peke yake. Mtoto hakufika. Nikauliza, pale Siyu pakijengwa gati refu, lifike penye kina, itakuwaje? Wakanambia Bi Barka, hayo mambo ya kaunti. Nikauliza kaunti iko wapi. Wakanambia iko kwenye chama." Akachagua chuya nyingine. "Basi nakwenda kwenye chama."

Israa aliacha kuchambua. Alimwegemea shangazi yake begani, na mchele wa siku ile ulipikwa na chuya zake.

Barua ya chama ilikuja Jumatano. Kina mama walikuwa wamejitayarisha kwa mchujo, wamezitoa kadi zao za chama makabatini, wengine wamezipangusa. Barua ilisema hakutakuwa na kura. Kutakuwa na maridhiano, ili kutunza umoja wa mji. Wajumbe thelathini na mmoja watakutana Jumamosi baada ya sala ya Alasiri. Wanawake katika wajumbe hao walikuwa wawili, kwenye karatasi: Bi Barka, na Bi Aliya, ambaye alikuwa kwenye matayarisho ya harusi.

"Maridhiano!" Israa alilia. "Si wameona wikio tu, wamehesabu shubiri, wakajua kura watashindwa! Shangazi, hii kwenye somo la uongozi tulisoma, hii ina jina!"

"Ina jina hapa pia," akasema Bi Barka. "Yaitwa Jumamosi. Nipigie pasi buibui langu la mkutano."

Ijumaa alialika nyumba thelathini na nne. Jumamosi asubuhi nyumba kumi na tisa. Adhuhuri wikio ulikuwa umeshapita ukumbi wa Bi Aliya, umeshapita paa la duka la vitambaa, na umefika mbele ya dirisha kubwa la ofisi ya chama. Ukasimama hapo. Ilibaki shubiri moja. Israa alipima kwa fimbo, akapima kwa kanda, akapima kwa mkono wake mwenyewe amelala kifudifudi huku Wangu amemshika miguu. Moja. Chini yao, kwa mzee Hamid, wanaume walikuwa wengi kuliko kawaida na wanaongea kwa sauti za chini.

Israa alipitia daftari lote. Majina mia moja na themanini. Hakuna nyumba iliyorukwa. Alirudi nyumbani mbio, akapanda ngazi, safari hii na viatu vyote.

"Nyanya, umekwama! Shubiri moja tu! Tumekwenda kwa wote, hata kwa yule bi mgomvi wa kisimani, hata kwa…" Akamtazama bibi yake. "Nyanya. Wewe ulimwambia shangazi nini?"

"Kuhusu nini?"

"Kuhusu tiketi."

"Sikumwambia kitu," akasema Bi Mwana. "Hakuya kunialika."

Ilikuwa kweli. Bi Barka amekwenda mlango kwa mlango mji mzima, na mlango wa chumba cha mamake, anaoupita mara ishirini kwa siku, hakuubishia hodi. Israa akamwita. Bi Barka akaja na mikono yenye unga, akasimama mlangoni, akaelewa bila ya kuelezwa. Akarudi nyuma hatua moja hadi nje.

"Hodi," akasema.

"Karibu. Nani?"

"Ni mimi, Ma. Barka, mwanao. Hujambo? Mgongo u hali gani?"

"Alhamdulillahi. Na weye?"

"Mzima. Nimekuya kukwambia nagombea wadi. Naomba uwe nami."

Bi Mwana alinyoosha mikono hewani mpaka akaupata uso wa bintiye, akaushika pande zote mbili, unga na jasho na vyote.

"Miaka hamsini na sita mimi nawe," akasema. "Nalikuwa nangoja uulize."

Wakasikia kule mwisho wa njia kokoto zikitulia, na paka mmoja akalia.

Adhana ya Alasiri ilipotoka walisali. Kisha Bi Barka akajifukiza udi, akavaa buibui la mkutano, akatangulia kwenye wikio na Israa nyuma yake amebeba daftari. Walipita mikeka na mito. Walipita wanawake waliokaa pande mbili, kila mmoja kwenye shubiri yake au karibu nayo, wakimgusa nguo anapopita. Mwisho wa wikio dirisha la ofisi ya chama lilikuwa wazi, na chokaa ya kizingiti ilikuwa bado mbichi.

"Hodi," akasema Bi Barka.

Hakuna aliyejibu, kwa sababu ndani walikuwa kwenye dua. Wajumbe wote walikuwa wameinua mikono, vichwa vimeinama, na mwenyekiti, Bwana Abdulhalim, anaomba kwa sauti nzuri aliyojaliwa. Sasa mtu wa Amu akiingia mahali akakuta mikono iko juu, haulizi. Yaweza kuwa dua ya maiti, ya msafiri, ya mvua. Hujui, na si adabu kujua kwanza. Unainua yako. Bi Barka akaingia taratibu, akasimama pembeni, akainua mikono. Israa akabana daftari kwapani, akainua yake.

"…umsahilishie, umnusuru, umpe ushindi," akamalizia Bwana Abdulhalim.

"Amin," wakasema wajumbe.

"Amin," akasema Bi Barka.

"Al-Fatiha." Ikasomwa. Wakapangusa nyuso.

"Alhamdulillahi. Karibu, Bi Barka," akasema Bwana Abdulhalim. "Umekuya kwa ndia yako mwenyewe, mashallah."

"Nimekaribia, Bwana. Nani asafiri?"

"Hasafiri mtu."

"Basi dua ilikuwa ya nini?"

Bwana Abdulhalim akamtazama Shuaib. Shuaib akatazama buku la mkutano.

"Twamuombea Bwana Jeilani," akasema mwenyekiti kwa upole. "Wazee wameridhiana, tiketi ni yake. Nabhan amemwachia. Na weye umeitikia Amin mbele ya watu wote, Mungu akujazi kheri. Hivyo ndivyo umoja wa mji unavyotakiwa."

"Lakini mkutano haujaanza!" Israa akapasuka. "Barua yasema baada ya Alasiri! Na watu wametoka kusali sasa hivi!"

"Mkutano ndio huu, mwanangu. Mazungumzo tulimaliza tini, barazani kwa Hamid, tangu Adhuhuri. Siku hizi pana kivuli kizuri."

Bi Barka alikwenda penye meza. Shuaib ana mwandiko safi. Ulisomeka hata kwa kichwa chini. *Bi Barka ameingia. Bi Barka ameitikia Amin. Hakuna pingamizi.*

"Shuaib," akasema. "Weye kuzaliwa ulitangulia miguu. Nilikupigania tangu Isha mpaka alfajiri."

"Najua, Bi Barka. Mama hunambia kila Idi."

"Futa hilo."

Shuaib aliyatazama maandishi yake, na macho yalimwiva mekundu. "Ni kalamu ya wino, Bi Barka," akasema.

"Na Fatiha ikishasomwa haifumuliwi," akaongeza Bwana Abdulhalim. "Hayo wayajua kuliko sisi."

Alikuwa anayajua. Ndiyo iliyokuwa shida. Mamake alimfundisha hivyo, naye alimfundisha Israa hivyo, na mtu hawezi kusimama katikati ya wazee akasema Fatiha ile haikuwa Fatiha. Alisema neno moja tu: "Amin yangu ilikuwa ya dua. Haikuwa ya tiketi." Shuaib hakuliandika, kwa sababu mkutano ulikuwa umeshafungwa.

Bwana Jeilani aliinuka akampa kiti chake. Hakuwa mtu mbaya. Alinyonyeshwa na Bi Mwana wakati mama yake mzazi alipougua, kwa hivyo yeye na Bi Barka ni ndugu wa kunyonya, na humwita Dada kwa moyo safi. "Dada, hatukukusahau," akasema. "Kuna ile orodha ya kina mama, ya kuteuliwa baada ya uchaguzi. Tumekuweka wa saba."

"Chama hupata wangapi?"

"Mwaka ule kilipata wawili," akasema Bwana Jeilani. "Lakini Mungu ni mkubwa. Na utanisaidia na kina mama, Dada, au siyo? Weye ndiye unayezijua nyumba."

Kisha mjumbe mmoja wa nyuma akauliza kama Bi Barka amekuja na chai. Hakuwa amekuja na chai. Ilikuwa mara ya kwanza katika miaka ishirini, na katika mambo yote ya siku hizo ni hilo peke yake lililowashangaza.

Alirudi kwa wikio. Wale wanawake hawakuuliza, walisoma mwendo wake. Aliingia chumba cha ndani, akakaa sakafuni, akaweka kichwa kwenye mapaja ya mamake na buibui la mkutano bado mwilini.

"Niliwakuta na mikono juu, Ma."

"Ukainua yako."

"Nikainua yangu."

"Ungefanyaje?" akasema Bi Mwana, akimpapasa nywele kama anayemtafuta chawa, mchezo wao tangu Barka yu mdogo. "Nimekulea vyema. Laiti ningekulea vibaya kidogo."

Israa alilia kwa ajili ya wote, kwa kelele, mlangoni, mpaka Wangu akamletea maji.

Hayo yalikuwa Jumamosi. Jumatatu chama kilisogeza kabati la mafaili likakaa mbele ya dirisha, maana upepo ulikuwa unapeperusha karatasi. Jumanne vijana wa chama walikuja na ngazi na bango. Ukuta wa wikio ndio mpana kuliko wote katika njia ile na unaonekana kutoka pande zote mbili, basi wakalitundika hapo: uso wa Bwana Jeilani, urefu wa mtu na nusu, anatabasamu, na chini yake maneno *Chaguo la Wananchi*. Walibisha hodi kwanza kuomba ruhusa. Bi Barka akawaambia hawezi kuwakatalia kwa ndugu yake, ila wasipige misumari kwenye boriti. Wakatumia kamba. Wanaume wa mzee Hamid wakasema bango limeongeza kivuli.

Orodha ya kina mama ilirudi kutoka Nairobi na muhuri. Bi Barka alikuwa wa kumi na moja. Katika nafasi ya saba palikuwa na jina la mtu ambaye hakuna aliyemjua Amu wala Mokowe wala Siyu. Israa alilisoma mara tatu, Wangu naye akalisoma, na yule wa duka la simu akalisoma, na wote wakaona lile lile.

Wikio haukubomoka. Israa alikuwa ametegemea ubomoke, na kila alfajiri aliamka na kanda. Shubiri mia moja na themanini na moja, hakuna iliyopungua. Wanawake waliendelea kuutumia. Waliuziana leso humo, walisukana nywele, Bi Aliya alimtoa bintiye humo siku ya harusi hakukanyaga vumbi, na jioni walikaa migongo yao imeegemea ukuta, nyuma ya meno ya Bwana Jeilani, wakazungumza mambo ya gati la Siyu. Ule mwisho wake uligota kwenye kabati la mafaili. Watoto walilibandika kabati vibandiko.

Leo asubuhi alikuja Afra. Afra ni mke wa Bwana Jeilani. Alipita kwa wikio, amebeba mkate wa kumimina umefunikwa kawa, akakaa na Bi Barka pale panapopita upepo. Israa akawamiminia kahawa.

"Bwana kanituma nikuletee," akasema Afra. "Ataka umwitie kina mama wa mtaa huu siku ya Jumapili. Asema hawaitikii."

"Mwambie nimeupokea mkate," akasema Bi Barka.

Afra akanywa kahawa mpaka akafika kwenye mashapo. Akageuza kikombe. Hakunyanyua macho.

"Na hili hakunituma mtu," akasema. "Mimi nawe."

Bi Barka akamshika mkono. Afra alipoinuka akamgeukia Israa, ambaye alikuwa amesimama na birika lililoinama, kahawa inamwagikia mkeka.

"Usimwambie mtu, Israa. Leo usimwambie mtu kabisa. Nipe nikae nalo siku moja."

"Wallahi," akasema Israa.

Alasiri alipanda ngazi vidato viwili viwili. Bi Mwana alimsikia tangu mlango wa chini, akaweka tasbihi.

"Umeota, Nyanya! Umeota upya! Katikati, ubavuni, nyuma ya bango, bango limefura hapa penye sikio la Jeilani, vijana wamekuja kulinyoosha halinyooki, mzee Hamid asema afadhali sasa Jeilani atasikia! Nimepima. Shubiri moja, nzima, na chokaa yake."

"Ni mpya?"

"Mbichi!"

"Waelekea wapi?"

"Shubiri moja haina upande bado, Nyanya. Ikipata ya pili ndipo tutajua. Labda pwani. Labda ile ofisi ya tume ya uchaguzi, wanakoandikisha wagombea wasio na chama. Sijui. Nitapima."

Bi Mwana akawaza. Alikuwa kipofu, hakuwa mzito wa akili.

"Mji wote ulishaahidi," akasema. "Umenisomea majina yote, mia na themanini na moya, na mimi mwisho wao. Sasa hii ni ya nani?"

Israa alifungua mdomo. Habari ilikuwa imemjaa mpaka kwenye meno, moto, tamu, kubwa kuliko zote alizowahi kuzipandisha ngazi zile. Akaufunga kwa mikono miwili.

"Nimekula kiapo, Nyanya. Leo sisemi."

"Leo yaisha yua likitua. Magharibi si mbali."

"Nyanya! Si leo ya kalenda ya kwenu. Leo ya saa sita usiku. Kesho. Ukishakunywa uji tu nakwambia, na jina, na alivyosema, na alivyogeuza kikombe, yote, wallahi kesho."

Chini, njiani, mzee Hamid aligonga vikombe vyake na mtu akalicheka bango. Bi Mwana alijilaza, akavuta leso mpaka kidevuni, akasogea kidogo kitandani ili mjukuu apate pa kukaa.

"Basi uji wangu," akasema, "uupike mapema."